Watoto wa Pwani Wanapokwenda kwa Bibi

Mwezi wa Mei una kazi nyingi kwa mama anayeishi mbali na kwao. Shule zinakaribia kufungwa, baba anahesabu nauli, watoto wanauliza tutalala wapi njiani, na sweta zilizokaa sandukuni mwaka mzima hutolewa nje zipigwe jua. Ndivyo ilivyo kwetu pia, sisi tuishio kando ya Ghuba ya Mnazi mkoani Mtwara. Kwetu ni Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako asubuhi nyingine za Juni na Julai majani hufunikwa na barafu nyembamba.

Mwaka huu safari yetu ina jambo moja lililo zito kuliko mizigo yote. Bibi, mama yake baba watoto, ameomba aachiwe mjukuu. Amemtaja binti yetu wa pili, mwenye miaka kumi na mmoja. “Safari hii msiondoke naye,” alisema kwenye simu. “Mwacheni anijue kabla sijafa.” Tunaandika haya kabla ya kuondoka, kwa kuwa tunaamini nyumba nyingi za wasomaji wa gazeti hili zimepata kuombwa jambo kama hilo, na aghalabu jibu hutolewa kwa haraka, siku ya kuaga, basi likiwa linapiga honi.

Maisha ya mtu wa kuja

Huku mgeni huitwa mtu wa kuja. Si tusi, ni namna ya kusema kwamba kwenu kunajulikana kuwa kwingine. Tumeitwa hivyo kwa mwaka wa kumi na nne sasa. Baba watoto alikuja kwa kazi ya ufundi, nasi tukafuata na cheti chetu cha uuguzi.

Mambo mengi tumejifunza upya. Siku za bamvua, maji hukupwa sana katikati ya asubuhi, na akina mama huingia mwambani na fimbo zao kutafuta pweza na chaza. Mama anayetegemea kitoweo cha siku hiyo hawezi kuacha mwamba akaje kupima uzito wa mtoto. Basi tumejifunza kuuliza habari za maji kabla ya kupanga siku ya kliniki. Tumejifunza kula ming'oko ya kuchemsha, kukaa mkekani msibani, na kujua kwamba Juni ni wakati wa kupulizia mikorosho salfa kuzuia ubwiri unga, ingawa korosho zenyewe zitaokotwa kuanzia Septemba au Oktoba.

Majirani zetu wengi ni Waislamu. Mwezi wa Ramadhani sahani ya futari hupita uani kuja kwetu, na Krismasi sahani hiyo hurudi na pilau. Mtoto wetu wa mwisho alipozaliwa, baba watoto akiwa safarini, aliyetukanda kwa maji ya moto na kutupikia uji kwa siku nyingi alikuwa mama wa nyumba ya pili, Mmakonde, ambaye hakuwa na undugu wowote nasi. Watoto wetu humwita bibi. Na hapo ndipo penye fundo la jambo hili. Bibi wa Mtwara wanamjua kwa sauti yake hata gizani. Bibi wa Njombe wanamjua kwa picha na kwa simu.

Bibi wa Njombe huongea Kibena. Watoto wetu wanajua “kamwene” tu, na ikijibiwa kwa maneno marefu hubaki wameinama wakichezea vidole. Safari iliyopita binti huyu alikaa jikoni na bibi yake jioni nzima, moto ukiwaka kati yao, wakitabasamiana bila neno. Bibi hakulalamika. Sasa tunaelewa kwamba ombi lake lilianzia pale.

Hofu iliyoongezeka

Kuna sababu ya pili. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka kutoka Msumbiji wakakishambulia kijiji cha Kitaya, kando ya Mto Ruvuma, katika mkoa wetu huu. Machi 2021 mji wa Palma, ng'ambo ya mto, nao ukashambuliwa, na watu wengi wakakimbia makwao. Redio ilizifikisha habari hizo hadi Njombe, na tangu hapo bibi huuliza kila mara kama usiku tunalala.

Hofu ya mzee yataka jibu la kweli. Hatuwezi kumwambia kwamba hapakuwa na lolote, maana liko analolijua. Wala hatutamwacha aamini kwamba tunaishi ndani ya vita. Tutamwambia kwamba mwaka ule tuliogopa, tukaomba, na kwamba leo watoto wanakwenda shule na wavuvi wanakwenda baharini. Mtoto asiondolewe kwa wazazi wake kwa sababu ya habari iliyosikika nusu.

Watu wa huku wenyewe wanajua maana ya kukimbia na kupokea. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, kuanzia 1964, na tena katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokwisha 1992, familia nyingi zilivuka Ruvuma zikapokelewa upande huu. Wako wazee tunaowapima shinikizo la damu ambao walivuka wakiwa wamebebwa mgongoni. Ukiwauliza kwao ni wapi, hunyosha kidole kusini, kisha huonyesha makaburi ya watoto wao hapa hapa kijijini.

Je, mtoto hutolewa?

Desturi ya kumpa bibi mjukuu ni ya zamani na ina mema yake. Wengi wetu tulilelewa na bibi zetu, tukajifunza kwao kusali, kupika na kuheshimu watu. Hatusimami hapa kuidharau.

Lakini katika kazi ya uuguzi tumeona pande zote mbili. Tumeona mtoto aliyenawiri mikononi mwa bibi mwenye nguvu. Tumeona pia mtoto aliyegeuka kuwa mchota maji, mpishi na mwuguzi wa mzee mgonjwa, akiwa darasa la tano, hana wa kumwuliza kuhusu mwili wake unaobadilika. Bibi hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka tu. Mzigo wa watu wazima uliwekwa juu ya kichwa cha mtoto, nasi watu wazima tukaita huko kumheshimu mzee.

Wako wanaotukumbusha habari za Hana, aliyemtoa Samweli akiwa mdogo. Ni kweli. Lakini Hana alimtoa kwa Mungu, kwa nadhiri aliyoiweka yeye mwenyewe, wala hakumtoa ili deni lake la kumtunza mzazi lilipwe na mtoto. Tena Biblia inasema kwamba kila mwaka alimshonea kanzu ndogo akampelekea, ndiyo kusema aliendelea kujua kimo cha mwanawe. Wengine hututajia Ruthu na mkwewe Naomi. Ruthu alikuwa mtu mzima, akaamua kwa kinywa chake mwenyewe. Hakuna aliyempakia kwenye basi akiwa amelala.

Tukikaa na ombi la bibi kwa utulivu, tunaona kwamba anaomba mambo mawili. Anahitaji mikono ya kumsaidia, na anatamani kujulikana na damu yake. Jambo la kwanza ni wajibu wetu sisi wana na wakwe. La pili ndilo la wajukuu, wote, si mmoja tu.

Tuliloamua

Mimi na baba watoto wamekaa wengi huko nje wakisema hivi na vile. Sisi tulikaa wawili, tukaomba, tukapatana hivi. Kila mwezi tutatuma fedha za kumlipa mama mmoja wa jirani amsaidie bibi kuchota maji, kukata kuni na kufua. Ili fedha hizo zipatikane, mwaka huu hatutapeleka zawadi za kuonekana. Ndugu wengi hudhani kwamba anayeishi Ghuba ya Mnazi anaogelea katika fedha za gesi. Ni kweli gesi iligunduliwa hapa mwaka 1982, na bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilizinduliwa 2015, lakini mshahara wa mwuguzi haupiti katika bomba hilo. Tutapeleka korosho tulizoweka tangu msimu uliopita, ng'onda na chumvi. Hatutakopa katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa ili tuonekane matajiri kwa wiki tatu, kisha tule mihogo mitupu hadi Desemba.

Pili, likizo hii hatutaigawanya kwa kuzunguka kwa shangazi na wajomba wa mjini. Watoto watakaa kwa bibi siku zote. Binti atalala chumba cha bibi. Tumemwuliza mwenyewe anaonaje habari ya kubaki. Alinyamaza sana, kisha akasema anampenda bibi, ila anaogopa kwamba akiugua hatajua kusema panapouma. Mtoto aliyeweza kusema neno hilo anastahili kusikilizwa. Basi mwaka huu hatabaki. Atajifunza kwanza kusema panapouma, kwa Kibena, akiwa na mama yake karibu.

Tatu, tutamwalika bibi aje Mtwara nasi tutakaporudi, au Agosti, kabla joto halijapanda. Hajapata kuiona bahari. Akimwona mama wa nyumba ya pili aliyewashika wajukuu zake walipozaliwa, huenda hofu yake ikapungua kuliko kwa maneno yetu yote.

Jambo hilo la majirani linatuhusu sisi wasafiri pia. Tukifika bara huulizwa, kwa kicheko, kama hatujalogwa bado, na kama watu wa pwani wameanza kufanya kazi. Ni rahisi kucheka pamoja na wenye kucheka. Lakini mwanamke anayesimama mwambani na mimba ya miezi saba ili watoto wapate kitoweo si mvivu, na anayekula futari yake mwezi wa Ramadhani hana haki ya kumteta Juni. Watoto wetu husikiliza. Wakisikia tunamcheka bibi wa Mtwara tukiwa Njombe, watajua kwamba tukiwa Mtwara tunaweza kumcheka bibi wa Njombe.

Njiani

Tutapita Masasi, Mangaka, Tunduru na Songea, barabara ambayo zamani wakati wa masika iliwafanya wengi wazungukie Dar es Salaam, na leo ni ya lami. Pale Masasi tumepanga kuwasimulia watoto habari ya mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipoondoka Unguja na watu waliokombolewa utumwani, wakishuka Lindi na kutembea kwa miguu kuelekea makwao upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi waliiona nchi ni njema, wakakaa. Makwao walikotekwa hawakufika, na palepale kambini pakawa kwao, pakawa na kanisa na mashamba na watoto. Tunataka watoto wetu wajue kwamba Mungu hakuwaacha watu wale kwa sababu walikuwa na kwao kuwili.

Kwa mama anayesafiri kutoka pwani kwenda kwenye baridi, tunaongeza neno la uuguzi. Dalili za malaria huanza siku saba au zaidi baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi siku kumi hadi kumi na tano. Kwa hiyo homa inayomkamata mtoto wiki ya pili akiwa Njombe, Makete au Lushoto yaweza kuwa ya mbu wa Mtwara. Usiseme ni baridi tu. Mpeleke apimwe, na umwambie mganga mapema kwamba mmetoka pwani. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto, na mwenye dawa za shinikizo au kisukari achukue za kutosha siku zote pamoja na za akiba. Mjamzito ashuke atembee kila basi linaposimama, na anywe maji.

Mpendwa mama msomaji, huenda nawe mwaka huu utaombwa mtoto, au utataka kumpeleka mmoja kwa mzee. Hatusemi usimpeleke kamwe. Tunasema mkae kwanza, baba na mama, mjiulize mzee anahitaji nini na ni nani mwenye wajibu wa kumpatia. Kisha mwulizeni mtoto. Na jibu lolote mtakalolipata, lipelekeni wenyewe, mkiwa mmekaa na mzee wenu siku ya kwanza mliyofika, wakati bado kuna siku nyingi za kulia pamoja na kupatana.

Nasi ndivyo tutakavyofanya. Bibi aweza kukasirika, na hiyo ni haki yake. Tutakaa naye jikoni hadi hasira ipoe, na binti atakuwa pale pale, akiuliza jina la kila kitu kilichomo ndani ya nyumba.