Siku Tisa

Jumatatu hiyo nilipanda matatu Ruiru kama kawaida kuja shuleni Thika. Tulipofika Juja kiti kikaachwa wazi karibu nami, lakini sikuketi. Niliogopa kukichafua. Ilikuwa siku yangu ya tisa ya hedhi.

Tangu nivunje ungo nikiwa na miaka 13, nilizoea siku nne au tano. Muhula huo zikawa saba, kisha tisa. Rafiki zangu walikuwa na majibu tele. Mmoja alisema nimerogwa. Mwingine akasema, "Wewe, hiyo itaisha ukizaa!" Mama sikumwambia. Ningemwambiaje na nyumbani jambo hilo halitajwi?

Tukiwa gwarideni niliona giza, nikaanguka pu! Mama aliitwa, akanipeleka zahanati.

"Mwezi uliopita ulianza tarehe ngapi?" muuguzi akaniuliza. Niliinama. Sikujua.

Alinieleza polepole. Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya kwanza ya damu hadi siku ya kwanza ya hedhi inayofuata. Kwa wasichana wa rika letu, siku 21 hadi 45 ni sawa, na damu yenyewe hutoka siku mbili hadi saba. Katika miaka ya mwanzo yai halitoki kila mwezi. Lisipotoka, utando wa tumbo la uzazi huzidi kuwa mnene, na ukianza kubanduka damu huweza kukawia kwisha. "Lakini zikipita saba, ama pedi ikijaa kila saa moja au mbili, usingoje. Njoo uonwe."

Nilipimwa, damu ikapatikana imepungua. Nikapewa dawa na vidonge vya kuongeza damu.

Njiani mama alinyamaza sana. Mwishowe akasema, "Hata mimi nilikuwa hivyo nikiwa msichana. Nilidhani ukiwa na shida utaniambia."

Nami nilikuwa nikingoja yeye aniulize!

Wenzangu, sheria ya mwaka wa 2017 inataka wasichana wa shule za umma wapewe sodo bure. Ni jambo jema, lakini hakuna sheria itakayotuhesabia siku. Mimi sasa naandika tarehe zangu nyuma ya daftari la Hesabu: siku ya kuanza na siku ya kumaliza. Zikibadilika, nitajua, na nitasema. Nanyi wavulana, mkiona msichana amefunga sweta kiunoni, msicheke. Mpisheni apite.

Mficha uchi hazai.