Siku moja ya kuchanga, wiki sita za kujenga imani

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa pili, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, kamati ndogo ya wamama hapa Kamanyola itaomba mchango kwa njia ya simu kwa muda wa siku moja tu. Lengo ni dola 880. Pesa hizo ni za wasichana 14 wa mwaka wa sita wa sekondari ambao wazazi wao hawajapata ada ya mtihani wa taifa, ule tunaouita egzetati. Masomo ya msingi yalitangazwa kuwa bure tangu mwaka 2019, lakini sekondari bado mzazi analipa. Tarehe ya mwisho ikipita bila malipo, jina la mwanafunzi halitumwi, na msichana aliyesoma miaka yote hiyo anabaki nyumbani bila diploma.

Mwanzoni mwa mwaka kamati iliniita kwenye mkutano wao, wakaniomba nisaidie kupanga siku hiyo na kuitangaza redioni. Nilikubali kwa sharti moja: nisishike pesa, na namba ya kuchangia isiwe yangu. Hapa kwetu kila mtu anajua habari ya kupaji, zile franga ambazo mwandishi wa habari hupewa baada ya mkutano ili habari ipite. Kama namba ingekuwa yangu, kila tangazo ambalo ningesoma lingesikika kama najiombea mwenyewe.

Naandika hapa tulichopanga kwa sababu mashirika madogo ya Luvungi, Sange na hata Uvira yananiuliza kila mara: namna gani tunaweza kuchangisha kwa intaneti? Wengi wanafikiri jibu ni kutuma ujumbe kwenye vikundi vya WhatsApp na kusubiri. Mimi naona kwamba siku yenyewe ni ya kuvuna tu. Kulima kunafanyika kabla.

Wazo la siku moja halikuanzia kwetu. Mwaka 2012, kituo kimoja cha New York kiitwacho 92nd Street Y kilianzisha Giving Tuesday, Jumanne inayofuata sikukuu ya Shukrani ya Wamarekani, na leo inafuatwa katika nchi nyingi. Karibu na sisi, Julai 2011, wakati wa ukame mkali kaskazini mwa Kenya, Msalaba Mwekundu wa Kenya, Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Walitaka shilingi milioni 500 kwa wiki nne, na kiasi hicho kilipitwa kabla ya wiki hizo kwisha. Watu walituma kwa M-Pesa, hata shilingi 10.

Tulizungumza sana juu ya mfano huo wa Kenya. Simu tunazo, na M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zote zinafika hapa. Kitu ambacho hatuna ni jina. Msalaba Mwekundu ukiomba, watu wanajua anayeomba ni nani. Kamati yetu haina ofisi wala gari. Ina kahiye moja, kalamu, na wamama tisa wanaouza nyanya, mchele na samaki.

Katika mkutano wa pili, mama mmoja mwenye binti kwenye orodha alisema neno lililonyamazisha wote. «Majina yetu yameandikwa mara nyingi,» alisema. «Wanakuja na gari, wanaandika, wanapiga picha, wanaenda. Na ninyi mtaandika, halafu?» Mama Prezida hakumkatiza. Alimwambia: «Mama, tusaidie kujibu.» Mpango wote uliofuata ulitoka katika swali hilo.

Jibu la kwanza tulilikuta katika mila yetu. Mtu akifiwa, wajirani wanaketi kwenye kilio, mmoja anashika kahiye, kila anayetoa anaandikwa jina na kiasi, na mwishoni hesabu inasomwa mbele ya wote. Hakuna anayeuliza kama pesa zimefika, kwani kila mtu amesikia. Vikundi vya likelemba na vya kuweka akiba navyo vinaishi kwa namna hiyo hiyo. Kwa hiyo tuliamua kwamba kampeni ya intaneti itakuwa na kahiye yake. Kila mchango utaandikwa, hata noti ya franga 500. Asiyetaka jina lake lisomwe ataandikwa «rafiki», lakini kiasi kitasomwa.

Ukurasa wa kwanza wa kahiye umekwisha kujazwa na wazazi wa wasichana wenyewe. Kila mmoja ametoa alichoweza, wengine franga 1,000, wengine zaidi kidogo. Kiasi hicho ni kidogo, lakini ndugu aliye mbali akiuliza kama wazazi wamefanya chochote, tunamtumia picha ya ukurasa ule.

Halafu ilikuja hesabu. Lengo la dola 880 halikuchaguliwa kwa sababu linasikika vizuri. Kwa kila msichana tumehesabu dola 60: ada, picha za fomu, na kwa wale watakaofanyia mtihani mbali na nyumbani, usafiri, malazi na chakula. Hiyo ni dola 840. Dola 40 zinazobaki ni za gharama ya kutoa pesa kwenye kabini, yunite za kupiga simu na mega za intaneti. Kuna waliotaka tufiche gharama hizo. Tukakubaliana kuziandika wazi, maana mtoaji akigundua mwenyewe kwamba kuna pesa hakuambiwa, hata zile tulizotumia vizuri atazitilia shaka.

Baada ya hapo tulijiuliza dola 880 zitatoka kwa nani hasa. «Watu wote» si jibu. Tumepata wapigaji 20: walimu, waimbaji wa kwaya, vijana wa motari, wanachama wa likelemba. Kila mmoja aliandika majina ya watu 15 anaowajua kwa sura. Hao ni watu 300. Mmoja kati ya watatu akitoa, na kwa wastani akatoa dola 3, tunapata 300. Ndugu wa nje ya nchi tumeandika 30, na tunatumaini dola 20 kwa kila mmoja, yaani 600. Jumla ni 900. Ni matumaini, lakini yana majina pembeni, na tunajua nani atampigia nani. Wiki mbili kabla ya siku, kila mpigaji atawauliza watu wake kama wataweza, ili asubuhi ya Ijumaa kahiye isiwe nyeupe. Mtu anayeona wengine wametangulia hutoa kwa moyo mwepesi zaidi.

Kwa nini hatukuchukua ile Jumanne ya Giving Tuesday? Mwisho wa mwezi wa kumi na moja ndugu zetu wa Marekani na Ulaya wanapokea maombi kutoka kwa mashirika makubwa yenye video na magazeti. Sauti ya wamama tisa wa Kamanyola ingepotea humo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ni siku ambayo wengi wamelipwa au wanakaribia kulipwa. Tena inaacha Jumapili kadhaa mbele yake za kutangaza kanisani.

Saa nazo tulizipanga. Saa sita ya mchana hapa kwetu, mwezi wa pili, New York ni saa kumi na moja alfajiri na Chicago ni saa kumi. Brussels wako nyuma yetu kwa saa moja tu. Kwa hiyo asubuhi ni ya wenyeji, mchana ni wa Ulaya, na wapigaji wa Marekani wataanza jioni. Siku yetu itafungwa Jumamosi saa sita mchana, maana huko magharibi mwa Marekani Ijumaa yao inakwisha saa nne asubuhi ya Jumamosi yetu. Bado tunaiita siku moja.

Njia ya pesa ilituchukua mkutano mzima. Kijana mmoja alipendekeza GoFundMe. Lakini GoFundMe hairuhusu mtu wa Kongo kupokea pesa kwenye benki ya Kongo. Lazima awepo mtu anayeishi katika nchi inayokubaliwa, kama Marekani, Kanada au Ubelgiji, afungue kampeni kwa jina lake na kupokea yeye kwanza. Basi tungeongeza mtu mmoja wa kuaminiwa katikati. Tuliona afadhali wa nje watume moja kwa moja kwenye simu kwa WorldRemit au njia nyingine wanayoizoea, na wa hapa watume kwa simu zao.

Namba ni moja, imesajiliwa kwa jina la mtunza pesa wa kamati. Simu hiyo anaishika yeye, lakini namba ya siri inajulikana na mama mwingine peke yake. Pesa hazitoki bila wawili hao kuketi pamoja, na mwalimu mmoja akiwa shahidi. Namba itasomwa redioni na kubandikwa kwenye milango ya makanisa. Tumesema pia mapema kwamba haitabadilishwa siku hiyo kwa sababu yoyote. Ukipata ujumbe saa nane mchana unaosema «namba ya kwanza imejaa, tumia hii», ujue ni mwizi.

Rezo nayo ni shida tunayoijua. Karibu na mpaka simu inashika rezo ya Rwanda bila kukuomba ruhusa, na yunite zinaisha. Umeme unapotea ingawa mto Ruzizi unaozalisha umeme unapita hapa kwetu. Wapigaji wote watakaa sehemu moja mbali na mpaka, wakiwa na betri zilizojazwa usiku. Rezo ikikatika kabisa, wanaotaka kutoa hapa mjini wataleta mkononi, na kahiye itaandika vilevile.

Jambo lililoleta mabishano makali ni picha. Rafiki mmoja wa kamati aliye ng'ambo alituandikia kwamba bila picha ya msichana anayelia hatutapata kitu. Sikubishana naye kwamba picha kama hiyo inaleta pesa. Lakini Kamanyola ni mji mdogo wa barabarani. Picha ikiwekwa kwenye status asubuhi, jioni wenzake wanaiangalia kwenye robine wakichota maji. Msichana atapewa jina, ataitwa mtoto wa msaada, na jina hilo litamfuata mpaka kwenye ndoa. Ada ya mtihani inalipwa mara moja. Aibu haina risiti.

Tuliwauliza wasichana wenyewe, bila wazazi, mbele ya mama wawili wa kamati. Kumi na mmoja walikataa picha. Watatu walisema wako tayari, lakini tukaona kwamba picha za watatu zitawafanya watu watafute wengine. Kwa hiyo hakuna picha ya mtu. Tutaonyesha jengo la shule, kahiye, na baadaye risiti. Redioni msichana mmoja atasema bila jina anataka kusomea nini. Alichagua maneno yake mwenyewe, na hakuna kilio ndani yake: anaeleza kwamba anataka kusoma uuguzi, na kwamba hesabu zinamsumbua kidogo.

Lilibaki swali ambalo wengi wanaliogopa: na pesa zikipungua? Tuseme tumepata dola 500. Nani atabaki nje? Papa Prefe alishauri tuwatangulize wenye pointi nzuri. Mama mmoja akasema tuwatangulize yatima. Mabishano yale yangefanyika Jumamosi jioni, pesa zikiwa mezani na kila mzazi akiwa mlangoni, kamati ingevunjika. Ndiyo maana yalifanyika sasa. Uamuzi umeandikwa na kutiwa sahihi: pesa za kwanza ni za ada ya wasichana wote 14, ili majina yote yatumwe. Usafiri, malazi na chakula vitafuata. Vikikosekana, familia zenye ndugu karibu na kituo cha mtihani zimekubali kupokea wasichana wawili wawili. Na zikizidi, zitawekwa kwa ajili ya wafinalisti wa mwaka kesho, hazitagawanywa.

Sijui kama tutafika 880. Najua kwamba Jumamosi saa saba mchana nitasoma redioni jumla, iwe nzuri au mbaya, pamoja na gharama zilizotoka. Jumatatu mtunza pesa na shahidi watalipa ada shuleni, na risiti 14 zitapigwa picha, majina yakiwa yamefunikwa, na kutumwa kwa kila mtu aliyetoa, hata yule wa franga 500. Jumanne saa nane kahiye itafunguliwa kwenye uwanja wa shule. Anayetaka kuhesabu aje ahesabu. Yule mama aliyeuliza «halafu?» ameombwa ashike kalamu siku hiyo, na amekubali.