Kasi si kosa, kosa ni juu juu

Bismillahi Rahmani Rahim.



Nimeletewa swali na ndugu yetu mmoja anayefanya kazi zamu ya alfajiri. Anasema: "Ustadhi, msikiti wa karibu na kwangu tarawehe inakwenda mbio. Nikienda ule mwingine wanakawia mno, nami kazini naingia saa 11 asubuhi. Je, sala ya haraka ni sala?"

Swali hili linawasumbua wengi, na jibu lake la kifiqhi nitalitoa. Ila kwanza nikupelekeni ziwani, maana huko ndiko nilikoiona kwa macho tofauti ya kwenda kasi na kwenda juu juu.

Huku Minnesota, Marekani, ninakoishi, kuna samaki wa maziwa anayeitwa maski. Ni samaki mrefu, mwenye meno makali, na mgumu kumpata, hata wavuvi wakampa jina la samaki wa mitupo elfu kumi. Sehemu kubwa ya jimbo hili huruhusiwi kumchukua akiwa chini ya inchi 54, yaani kama sentimita 137. Mzee mmoja wa jamaa zetu, mtu wa Pwani aliyekulia kwenye mashua, ndiye hunichukua tukaenda kumtafuta.

Chambo chake ni cha kutengeneza. Ni waya ulionyooka, nyuma una ndoana za meno matatu zilizofunikwa manyoya ya mkia wa paa, na mbele una bamba la chuma, moja au mawili, yanayozunguka ukikivuta. Maji yakipata joto la kiangazi, wavuvi huzungusha rili kwa nguvu zao zote. Chambo kikipita mbio, maski hapati nafasi ya kukichunguza. Ama akirukie, ama kimpite.

Sasa tizama tatizo lilipo. Bamba linapozunguka, maji hulisukuma juu, kama upepo unavyoinua tiara. Ukiongeza kasi, msukumo unaongezeka, na chambo kinapanda. Kikifika uso wa maji, bamba linameza hewa, linateleza, linarusha matone. Ule mtetemo uliokuwa ukimfikia samaki ubavuni, mahali Mwenyezi Mungu alipomuumbia hisia ya kusikia maji yanavyotikisika, unakatika. Chambo bado kinakwenda mbio na mkono wako unachoka vilevile, ila kazi yake imekwisha. (Viko vyambo vilivyotengenezwa kuogelea juu, hivyo ni habari nyingine.)

Mzee akiona matone tu, husema: "Ustadhi, kimepanda hicho!" Nilimuuliza mara ya kwanza kama nipunguze kasi. Akacheka. "Kasi tunaitaka. Kirudishe chini."

Naam, ndugu zangu. Hapo ndipo penye jibu.

Kusoma Qur'ani kwa kasi si kosa lenyewe. Wanazuoni wa tajwidi wanajua namna ya kusoma iitwayo hadr: ni usomaji wa haraka, lakini kila herufi inatoka mahali pake na hukumu hazivunjwi. Hiyo ni kasi iliyo chini ya maji. Ama kasi inayomeza herufi, na rukuu ambayo mgongo haujatulia mtu ameshainuka, hiyo imepanda juu. Kwa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, utulivu katika rukuu, itidali, sijida na kikao cha kati ya sijida mbili ni nguzo. Nguzo ikiondoka, nyumba haisimami. Nanyi mnaijua habari ya yule bwana aliyesali mbele ya Mtume (s.a.w.) akarudishwa mara tatu akasali tena, kwa kuwa sala yake haikuwa na utulivu. Imo katika Bukhari na Muslim.

Basi vipi mtu aende kasi asipande juu? Sikilizeni anavyofanya Mzee.

Kwanza, chambo kikishaanguka majini hakivuti papo hapo. Anakiacha kizame kidogo, ndipo anaanza. Nawe usiingie kwenye takbira unahema kutoka maegesho ya magari. Tumefundishwa kuiendea sala kwa utulivu, hata iqama ikiwa imeshakimiwa. Fika, kaa, pumua, tia nia.

Pili, anaongeza chubwi. Anaweka risasi ya wakia moja au mbili mbele ya ule waya unaozuia meno ya samaki, au anachagua chambo chenye mwili mzito. Uzito ndio unaokishikilia chini. Uzito wa sala ni kujua unachosema. Kuna mtu amesali miaka 30 na hajui maana ya tasbihi ya sijida. Huyo imamu akiongeza kasi kidogo tu, anaelea. Jifunze maana ya Fatiha, tasbihi na tahiyatu. Ni kazi ya wiki chache, na itakushikilia umri mzima.

Tatu, anabadilisha bamba. Bamba pana la duara hushika maji mengi na kuinua sana. Bamba jembamba, lenye umbo la jani refu, hukata maji, na kwa kasi ileile hubaki chini. Akina imamu wenzangu, hapa nasema nanyi. Kama muda ni mfupi, chagueni sura fupi. Msibebe juzuu nzima kisha mkaifukuza kama inawaka moto. Punguza ukubwa wa kisomo, usipunguze kina. Zogo la rakaa nane na ishirini silitaki leo. Kila moja ina watu wake. Ninachosema ni kwamba rakaa yoyote usaliyo iwe rakaa.

Nne, anashusha ncha ya fimbo. Ukiinua fimbo, mshipi unakivuta chambo juu. Ukiinamisha ncha mpaka iguse maji, unakivuta chini. Mzee pia hutumia mshipi mwembamba uliosukwa, maana mshipi mnene unasukumwa na maji na kukiinua chambo. Nasi tuinamishe. Macho yawe mahali pa sijida, simu iwe imezimwa, roho iwe imeshuka. Anayesali huku anasikiliza watu wanavyoisifu sauti yake, ncha yake iko mbinguni na chambo chake kiko juu.

Tano, na hili ndilo kubwa zaidi. Chambo kikiwa mbali, mshipi umelala, na kukiweka chini ni rahisi. Kikikaribia mashua, mshipi unasimama, nacho kinataka kupanda. Lakini maski ana tabia ya kukifuata chambo mpaka ubavuni mwa mashua, na wengi huuma hapo hapo. Kwa hiyo Mzee hakitoi. Anaizamisha ncha ya fimbo majini na kukizungusha kwa umbo la namba nane, tena na tena, hata kama hajaona kitu. Mvuvi mvivu anakinyanyua mapema, na samaki alikuwa nyuma yake hatua moja.

Ndugu zangu, si ndivyo tunavyofanya Ramadhani? Siku za mwanzo safu zinafika mlangoni. Likiingia kumi la mwisho, ambamo tumeambiwa tuutafute usiku wa cheo, safu zimepungua na tuko madukani. Pale penye kheri ndipo tunapokinyanyua chambo.

Msiseme ni shida ya muda peke yake. Mwaka 2016 Ramadhani ilituangukia Juni. Huku jua lilizama karibu saa 3 usiku, isha ikaingia kuelekea saa 5, na alfajiri ilikuwa imeshafika kabla ya saa 10. Tulikuwa na wafanyakazi wa viwandani na madereva wa usiku. Tulisoma sura fupi kwa hadr, tukatulia katika kila rukuu, na watu waliondoka mapema wakiwa wamesali.

Kwa hiyo wewe uliyeuliza: usimpime imamu kwa saa. Tazama rukuu yake na sijida yake. Kama mnatulia na Fatiha inasomeka sawasawa, sali naye, kasi yake ni rehema kwako. Kama viungo havitulii, mnasihi kwa adabu, faraghani. Asiposikia, tafuta msikiti mwingine, au sali nyumbani na ahli zako rakaa chache zilizotulia, ulale, uamkie kazi yako ya halali.

Ewe Mola wetu, zipe sala zetu uzito, ziteremshe nyoyo zetu mbele Yako, na utudumishe mpaka mwisho. Amin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.