Taa ya Njano Iliyokuwa Ikirudi

Ilikuwa jioni ya siku ya tatu tangu gari lifike nyumbani kwetu Endasak. Tulikuwa tukirejea kutoka Babati, tulikokuwa tumempeleka mama kupimwa sukari na shinikizo la damu. Dareda tulikwisha kuipita, na Mlima Hanang ulikuwa mbele yetu, ukungu umeufunika kilele. Ndipo ilipowaka katika dashibodi taa ndogo ya njano yenye umbo la injini. Gari halikuzimika, halikutoa moshi wala halikupunguza mwendo. Mama, aliyekuwa ameketi nyuma pamoja na wajukuu wake, akauliza, "Wanangu, hiyo taa inasema nini?" Hatukuwa na jibu.

Gari lenyewe lilikuwa mtumba kutoka Japani, kama yalivyo mengi yanayopita katika barabara yetu. Tulilinunua Arusha kutoka kwa mtu aliyekuwa amelitumia kwa miaka kadhaa. Siku tulipolikagua, injini ilinguruma kwa upole na hapakuwa na taa yoyote iliyobaki ikiwaka. Tulitoa akiba ya miaka minne, pamoja na fedha tulizokuwa tumezitenga kwa ajili ya kumalizia chumba cha mama. Tulijiambia kwamba chumba kitasubiri, lakini kliniki yake ya kila mwezi haitasubiri.

Fundi wa kwanza alichomeka mashine chini ya usukani, akaitazama kidogo, akabonyeza kitufe, na taa ikazimika. Tukamlipa shilingi 20,000 na kuondoka kwa furaha. Siku ya pili taa ikarudi. Fundi wa pili alisema sensa ya oksijeni katika ekzosi imekufa. Tukanunua nyingine kwa shilingi 150,000, taa ikakaa kimya wiki moja, kisha ikarudi. Wa tatu akatubadilishia sensa hiyohiyo kwa mara nyingine, akatuonya tujiandae kununua na masega ya ekzosi. Bei aliyoitaja ilitufanya tutazamane bila kusema neno.

Nyumba yetu ikaingia ubaridi. Mmoja wetu alisema kwamba gari lilinunuliwa kwa pupa. Mwingine akajibu kwamba ni nani aliyelikagua. Kila asubuhi tulipowasha gari, macho yetu yalikwenda kwenye dashibodi kabla ya kwenda barabarani, na ikiwa taa imewaka, hatukusemezana mpaka tulikokuwa tukienda. Mama aliliona hilo. Mwezi uliofuata alisema kwamba angependa kwenda kliniki kwa basi.

Ndipo tukaamua kuuza. Ndugu yetu mmoja, kwa nia njema, akatupa ushauri: tuifute taa alfajiri, mnunuzi aje asubuhi, na yatakayotokea baadaye ni juu yake. Mnunuzi mwenyewe alikuwa kijana wa jirani, tunayesimama naye safu moja msikitini, naye alikuwa ameuza ng'ombe wa urithi wa baba yake ili apate gari la kufanyia kazi.

Usiku ule hatukulala mapema. Mmoja wetu alisema, "Nasi tuliuziwa hivyohivyo." Mwingine akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi twajua inavyouma." Dini yetu imemtaka muuzaji aibainishe aibu ya bidhaa yake, na jambo hilo tulilisikia tangu utotoni madrasa. Hata hivyo, tukiri kwamba usiku ule lilikuwa zito kuliko tulivyolizoea kulitamka. Akiba yetu yote ilikuwa imesimama uani kwa magurudumu manne.

Asubuhi kijana alipokuja, tulimwonyesha taa ikiwa inawaka na kumweleza fedha tulizokwisha kutumia. Alitushukuru, akaondoka na fedha zake. Tukabaki na gari letu na taa yake.

Baada ya siku chache kijana yule alirudi, si kununua, bali kutuambia habari za fundi mmoja wa makamo huko Babati ambaye hafuti taa kabla ya kujua sababu yake. Tukaenda.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani amekuwa akizifuta namba hizi?"

Tukamweleza yote. Naye akatufundisha jambo ambalo hatukuwahi kuelezwa. Kompyuta ya gari inapoona hitilafu huandika namba, na namba ile si jina la kifaa kilichokufa, bali ni jina la dalili. Marekani ililazimisha mfumo mmoja wa namba hizo kwa magari madogo kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na ndiyo maana leo mashine moja husoma magari ya kampuni nyingi. Namba ya gari letu ilikuwa P0171, yaani hewa inayoingia katika injini ni nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Sensa ya oksijeni ndiyo iliyopeleka habari hiyo. "Mmembadilisha mjumbe mara mbili," alisema, "na mjumbe hauawi."

Akaiacha injini ingurume bila kukanyaga mafuta, akatuonyesha kwenye kioo cha mashine kwamba kompyuta ilikuwa ikiongeza mafuta kwa asilimia 25 ili kuifidia hewa iliyozidi. Alipokanyaga mafuta, kiasi hicho kikashuka hadi asilimia 7. Hapo akatabasamu. Alieleza kwamba kuna tundu linaloingiza hewa isiyopitia kwenye kipimo. Injini ikivuta hewa kidogo, hewa ya tundu huwa sehemu kubwa. Ikivuta nyingi, hewa ile huonekana haba.

Akaufungua mpira mpana unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio, akaukunja kwa mikono. Katikati ya mikunjo palikuwa na ufa usiozidi ukucha. Mpira ukitulia, ufa hujifunga. Gari likirushwa na makorongo, hufunguka. Kwa hiyo taa ilikuwa ikija na kuondoka kama mgeni asiye na adabu. Mpira wa mtumba ulitugharimu shilingi 30,000, na ufundi 15,000. Mwisho kabisa akazifuta namba. "Sasa nafuta," alisema, "kwa kuwa nimeshajua zilichokuwa zikisema."

Hatujui kama aliyetuuzia alijua. Huenda naye alifutiwa na fundi akaamini amepona. Hatukumfuata. Ila kwa msomaji anayejiandaa kununua gari, tuna maneno matatu. Kwanza, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa ile lazima iwake, na ikizimika baada ya injini kunguruma, ni vyema, isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameing'oa. Pili, liendeshe gari mbali kabla ya kulipa, kwa kuwa taa iliyofutwa asubuhi huhitaji muda na mwendo ili irudi. Tatu, ikiwaka bila kupepesa, tafuta fundi kwa utulivu. Ikiwa inapepesa, punguza mwendo na usimame mapema, kwani hiyo ni dalili kwamba mafuta hayaungui vizuri na masega yanaweza kuharibika.

Chumba cha mama bado hakina dari, na inshaallah tutakimaliza baada ya mavuno. Yeye amerudi kusafiri nasi. Kila mwezi, kabla hatujaondoka, huinama mbele kutoka kiti cha nyuma kuitazama taa ikiwaka na kuzimika.

"Imeamka," husema. "Haya, imelala. Twendeni, wanangu."