Pazia la Mama

Nyumba yetu iko mtaa wa Ruashi, katika Lubumbashi. Ni mojawapo ya zile nyumba za matofali zilizojengwa na Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka wa 1952, siku mji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Élisabethville. Marehemu nkambo wangu aliingia humo akiwa na mke na watoto wawili: vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, na choo uani. Siwalaumu waliochora ramani yake. Walikadiria baba, mama na watoto wao, na kuta walizosimamisha zingali zimesimama. Lakini watoto wale wamezaa, na waliozaliwa wamezaa tena, na mshahara wa mwalimu haulipi kodi ya nyumba ya pili. Nyumba peke yake haikuzaa hata chumba kimoja. Leo tumo watu kumi na mmoja: mama yangu, mimi na bibi yangu na watoto wetu wanne, mdogo wangu na mkewe na watoto wao wawili.

Kuitengeneza ni habari nyingine. Karatasi za ununuzi ambazo nkambo alizianza hazikumalizika kamwe. Basi, tukienda ofisini kuomba mabati mapya, twaambiwa nyumba ni yetu. Tukitaka kuongeza chumba uani, twaambiwa nyumba si yetu bado. Mabati yameliwa na kutu, mbao za dari zimeoza, mlango wa chumba cha pili umekwisha kuanguka, nasi tumetundika pazia mahali pake. Toka Novemba hata Machi kila mtoto wetu anajua ndoo yake na mahali pa kuitega.

Miaka mitatu imepita tangu mama apigwe na kiharusi. Upande wa kuume umekufa, na maneno yake hutoka nusu nusu. Tulimpa chumba kile chenye pazia, alale humo na binti yangu mkubwa tu, kwa kuwa tuliona ndiyo heshima. Mdogo wangu na watu wake wakatwaa chumba cha kwanza; mimi na bibi yangu na wadogo watatu tukalala sebuleni. Muuguzi alitufundisha kumgeuza mama kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, ngozi yake isipate vidonda vya kulala. Kumgeuza si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumfikia: lazima nivuke miguu ya watoto gizani, na nikimkanyaga mmoja, nyumba nzima imeamka. Tena kuna kuoga. Kwetu si desturi mwana wa kiume amwoshe mamaye. Basi bibi yangu humwosha kabla ya mapambazuko. Mimi namwinua tu hali amefunikwa kitenge, nikigeuza uso, kisha wanaume na watoto wote twatoka nje, hata kama mvua yanyesha, twasimama chini ya ukingo wa paa kama kuku. Majirani wamezoea kutuona.

Mwaka jana mtoto wa mdogo wangu alikohoa zaidi ya majuma mawili. Muuguzi yule yule akasema: kikohozi cha namna hiyo, katika nyumba iliyojaa watu, mtoto apimwe kifua kikuu bila kungoja. Ashukuriwe Mungu, hakuwa nacho. Hata hivyo niling'oa misumari ya dirisha la sebule tulilokuwa tumelifunga kwa kuogopa wezi, kwa maana hewa isiyotembea ndiyo ipitishayo gonjwa lile toka mtu hata mtu.

Ni baada ya hofu hiyo mdogo wangu alileta shauri. Usiku mmoja wa Juni, na baridi yetu ya Juni mwaijua, tulikaa sebuleni watoto wakiwa wamelala, akaniambia: «Yaya, tumpeleke mama kwa shangazi, kule Kasenga. Hapa hatupumui.» Nami, mwalimu niliyezoea kupima maneno, nikajibu: «Kweli. Mama mwenyewe ndiye anayetunyima nafasi.» Tulinong'ona. Lakini pazia si mlango.

Kesho yake mama akaanza kukataa maji. Tulimnywesha kwa kumbembeleza, kijiko kimoja kimoja. Midomo ikakauka, mkojo ukawa na rangi ya chai. Nilidhani ni ugonjwa mpya, nikamwita muuguzi. Siku ya tatu binti yangu akanivuta uani, akasema: «Baba, nkambo anasema, asipokunywa maji, hamtaamka usiku kwa ajili yake.»

Nilisoma miaka mingi seminarini, nikafundishwa jinsi ya kusema mbele ya watu. Siku ile nilitafuta maneno nisiyaone. Nilikaa mkekani kando ya kitanda muda mrefu. Mwisho nikasema: «Mama, nilikosa. Nilisema neno baya, nawe ulilisikia.» Akaniangalia tu. Ndipo nikamwuliza jambo ambalo kwa miaka mitatu hakuna aliyemwuliza: yeye mwenyewe apenda kukaa wapi? Akainua mkono wa kushoto, akaonyesha pazia, kisha sebule nyuma yake. «Watu,» akasema. Akarudia kwa nguvu: «Watu.»

Kumbe sisi tulimfungia kwa heshima, naye alikuwa na njaa ya kelele zetu!

Tulihamisha kitanda siku ile ile, tukakiweka sebuleni karibu na dirisha, na pazia tukalitundika kando yake kwa saa ya kuoga. Mimi na bibi yangu na wadogo tukaingia chumba chake, jambo lililonitia haya, kwa kuwa aliyekosa ndiye aliyefaidika. Binti yangu analala bado miguuni pake. Usiku namfikia mama kwa hatua chache. Jioni nasahihisha madaftari karibu naye, na watoto wakizidisha ugomvi yeye hugonga ukuta kwa kidole, wakanyamaza. Anakunywa maji. Shauri la Kasenga limekwisha, lakini mdogo wangu anatafuta nyumba ya kupanga, nami simzuii, kwani watoto wake wanakua. Ila sasa mambo hayo yote yanasemwa mbele ya mama.

Juma lililopita mvua ya kwanza imenyesha. Bati limetoboka mahali papya, juu ya meza yangu. Mama ndiye aliyeona tone likianguka, akanyosha kidole. Nikaondoa madaftari, nikatega ndoo.