Waafrika Wawili wa Uruguay

Tarehe 2 Julai 2010 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi hapa Lubumbashi. Tulijazana mbele ya televisheni katika lupango la baba mdogo, sote upande wa Ghana. Muda wa nyongeza ukiwa unakwisha, Luis Suárez akauzuia mpira kwa mikono kwenye mstari wa goli. Penalti ikagonga mwamba, na baadaye Ghana ikatolewa kwa mikwaju. Tangu siku ile niliichukia Uruguay. Mwaka uliofuata, ilipoifunga Paraguay mabao 3-0 na kutwaa kombe la Amerika Kusini kwa mara ya 15, baba mdogo alizima televisheni kabla kombe halijainuliwa.

Mwaka huu, nikitayarisha kazi ya semina juu ya maneno ya Kibantu yaliyovuka bahari, nimekutana tena na Uruguay, na tena tarehe 2 Julai, ila ya mwaka 1916. Siku hiyo, mjini Buenos Aires, ulichezwa mchezo wa kwanza kabisa wa mashindano hayo ya Amerika Kusini. Uruguay iliifunga Chile mabao 4-0, mawili yakiwa ya Isabelino Gradín. Kesho yake Wachile wakadai matokeo yafutwe: Uruguay, walisema, imechezesha Waafrika wawili.

Hao walikuwa Gradín na Juan Delgado, raia wa Uruguay, wazao wa watu waliopelekwa huko utumwani. Dai halikufika mbali. Uruguay ilitwaa kombe, naye Gradín akaongoza kwa mabao matatu. Baadaye José Leandro Andrade, mweusi vilevile, alishinda mashindano hayo mwaka 1923, 1924 na 1926.

Lililonishika si mabao. Ni jina "Mwafrika" kutajwa kama kosa. Kosa la namna hiyo nalijua. Shuleni kwetu, aliyesikika akisema Kiswahili alivikwa kipande cha ubao shingoni, akakibeba mpaka amkamate mwenzake. Nami nilijifunza kumvizia rafiki yangu, nikingoja neno moja tu limponyoke ili nimvike. Naona haya kuandika kwamba ndivyo nilivyoanza kusikiliza lugha.

Leo nasikiliza kwa nia nyingine. Watu wa Montevideo na Buenos Aires wana wimbo na dansi waiitayo "milonga". Wataalamu wengi hulirudisha jina hilo kwenye Kimbundu cha Angola: mulonga, milonga, yaani neno, maneno. Msomaji wa kitivo hiki hahitaji kuelezwa. Ni ngeli ya mti na miti, na shina lake tunalisikia katika "kulonga". Basi siku ile Gradín na Delgado hawakuwa Waafrika pekee mjini. Lugha ya wenyeji ilikwisha kubeba viambishi vyetu, wala hakuna aliyedai vifutwe.

Nilimsimulia baba mdogo yote haya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ule mukono siwezi kuusahabu, mutoto yangu," akasema.

Hata mimi siusahau. Tukanyamaza kidogo. Kisha akauliza:

"Na huyu Gradín, alifungaka ngapi?"