Dai la 16

Imepita karibu miaka ishirini, na bado naikumbuka jioni niliyoisoma hukumu ya kesi ile ya hataza ya gia za baiskeli, grisi ingali kwenye kucha. Nilikuwa fundi baiskeli Chicago, mji uleule ilikoanzishwa kampuni ya SRAM mwaka 1987. Kifaa chake kilichobishaniwa katika kesi hiyo nilikuwa nimekifunga na kukifungua mara nyingi mno: Grip Shift, gia ya kuzungusha kwenye mshikio wa usukani.

Aliyewahi kufunga gia za baiskeli anaijua tabu yenyewe. Waya una ulegevu wake. Unazungusha mshikio, na mzunguko wa mwanzo unapotea bure katika kukaza waya, cheni haijasogea hata kidogo. Unapotaka gia nyepesi ya kupandia mlima, lazima kwanza umalize ulegevu huo, kisha uisukume cheni ipitilize kidogo katikati ya gia unayoitaka, ndipo irudi na kutulia kwenye meno. Sam Patterson aliiandika njia hiyo katika hataza namba 4,900,291, na dai la 16, kimojawapo cha vifungu vinavyochora mpaka wa hataza, ndilo lililofikishwa mahakamani.

AD-II Engineering, wapinzani wa SRAM katika kesi hiyo, walisema njia hiyo haikuwa mpya, kwani wengine walikwisha kuiandika kabla yake. Hoja ya namna hiyo ina kipimo kigumu, na mimi nakipenda kwa ugumu wake: andiko moja la zamani liwe na kila hatua iliyomo kwenye dai. Kuokota hatua moja hapa na nyingine pale hakutoshi. Mahakama ya Chicago ililisoma dai kana kwamba linahusu kushusha gia kwa usahihi, kwa vituo maalumu. Likisomwa hivyo, maandiko ya zamani hayalifikii, na hataza ikasimama.

AD-II wakakata rufaa Washington. Mwaka 2006 majaji wa rufaa waliangalia maneno ya dai lenyewe na kukuta hatua mbili tu: kumaliza ulegevu na kupitiliza cheni. Sharti la usahihi halikuandikwa humo, na mahakama haiwezi kumwandikia mvumbuzi alichokiacha.

Niliumia, sikufichi. Mkono wangu ulijua kwamba usahihi ndio uhai wa kifaa kile. Bila huo cheni inakwaruza na mteja anarudi kesho yake. Lakini nilipoisoma hukumu mara ya tatu nilikubaliana na majaji, na hadi leo nakubali. Fundi wa karakana ndogo anayetaka kutengeneza gia yake hana njia ya kuingia moyoni mwa mvumbuzi. Ana karatasi tu, na mpaka lazima auone pale.

Tafsiri ile finyu ilitenguliwa, uamuzi kwamba dai la 16 lilikuwa halali ukaondolewa, na kesi ikarudishwa Chicago.